Kidirisha cha Udongo

Ofisi ilinipeleka siku kumi, semina ya miji mikongwe.
Koti niliazima kwa shemeji Mahimbo,
mikono ikanipita vidole, likanuka kabati.
Quedlinburg: jina nililifanyia mazoezi toka Kipawa,
na bado mwenyeji wetu alicheka nilipolitamka.

Mji umekaa kama saa imeusahau.
Ukuta na minara yake, vichochoro vya mawe ya mviringo
yanayokutegua kifundo ukitazama juu,
na lazima utazame juu: nyumba zimeinamiana
kama majirani wanaosengenya,
boriti nje nje, mbavu za ng'ombe aliyekonda,
na juu ya mlango mwaka umechongwa kwenye mti.
1562. Nyingine 1480. Mimi, mpima majengo wa manispaa,
nikatoa futi kamba mfukoni, mazoea tu,
nikapima nguzo: imepinda sentimita kumi na moja.
Kwetu hiyo ni amri ya kubomoa.
Wao wameiwekea taa.

Bi Hedwig akatupandisha ngazi zinazolia
hadi chumba chenye kidirisha cha kioo
kisichotazama nje. Kinatazama ndani ya ukuta.
"Tumepaacha wazi," akasema, "watu waone
nyumba imekula nini."
Nikainama.
Fito.
Fito zimefumwa baina ya boriti, na udongo
umekandikwa kwa makapi, na juu ya udongo
vidole vinne vya mtu, vimeburutwa kushuka,
mtu mwenye haraka, au mvua ilikuwa inakuja.

Wenzangu wa Akra na Hanoi wakapiga picha.
Mimi koo lilikauka.
Kiganja kile nakijua.
Nimelala miaka kumi na minne nikikitazama
Mtaa wa Sikukuu, chumba cha pili kushoto,
pale chokaa ilipobanduka juu ya kitanda cha shangazi Mwavita.
Boriti za mikoko ya Rufiji, fito, udongo wa Jangwani;
siku ya kukandika walikuja wanawake saba,
na vidole vile, husema, ni vya mama yake.

Nyumba ya udongo haihimili vishindo.
Tuliiandika shuleni, tukapewa vema.
Hakuna aliyetuambia kuna udongo mahali
uliohimili tauni, moto, wafalme, vita viwili vya dunia
na wageni wenye futi kamba.

Kiingilio, euro sita.

Nimerudi. Joto la Februari limenivua koti uwanjani.
Jumatatu nikakabidhiwa karatasi na kopo la rangi nyekundu.
Kwenye orodha ya majengo yasiyoguswa, kabati la ofisini,
yamo ya Kivukoni, waliyojenga wajukuu wa wale wa 1480:
mawe, matao, veranda ya kupunga upepo.
Yanastahili, sikatai.
Ukurasa wa Mtaa wa Sikukuu haupo.
Basi napiga X, nyumba kwa nyumba,
chini yake naandika siku thelathini.
Kule mlango huandikwa mwaka wa kuzaliwa.
Huku tunaandika tarehe ya kufa,
na mwandiko ni wangu.

Shangazi yuko barazani, anapepeta mchele.
"Ulikwenda kutazama nini, na baridi yote ile?"
"Udongo, shangazi."
"Udongo?"
"Na fito."
Akacheka mpaka ungo ukamwaga. "Na wakakutoza?"
"Euro sita."
Akahesabu kwa midomo, akampigia jirani ukelele:
"Mama Hidaya! Kumbe tunalala juu ya mali!"

Hakuuliza kopo lina nini.
Aliliona. Nilimwona akiliona.

Nikaingia chumba cha pili kushoto, nikasema nafuata maji.
Kiwanja cha jirani wanachimbia ghorofa,
ukuta unatetemeka kidogo,
vumbi linashukia chandarua.
Vidole vinne vipo. Nikaweka vyangu ndani yake.
Havienei; vyangu vinene, vya mtu wa kalamu.
Nje shangazi bado anacheka, peke yake sasa,
na brashi, nimeisahau jua kali,
inaanza kugandia kwenye kopo.